Mwanamke wa Kwenye Swichi

Benning, Iowa
6 Novemba 1996

Bwana Niehaus,

Hatufahamiani. Jina langu ni Ardith Tjaden, naendesha basi la shule hapa Benning. Mwezi wa nane nilikuona kwenye maonyesho ya mashamba ya kuchezea, umekaa nyuma ya meza yako unamfokea mtu aliyeshika vitu bila ruhusa. Mezani palikuwa na mwanamke wa urefu wa inchi moja, ameegemea uzio, anajikuna mguu mmoja kwa ncha ya buti la mguu wa pili. Nilimtazama mpaka niliyekuja naye akachoka kunisubiri. Mama yangu alijikuna hivyo hivyo. Ndiyo maana nakuandikia wewe, si mwingine.

Machi tutakuwa na maonyesho yetu wenyewe, katika ukumbi wa michezo wa shule. Natengeneza shamba, kipimo kile kile chako cha moja kwa sitini na nne. Trekta ninalo, lori ninalo, ng'ombe ninao kupita kiasi. Kihenge cha mahindi cha bati nimekikata nusu, nikaweka kioo mbele ili watoto waone ndani. Punje za kweli ni kubwa mno kwa kipimo chetu, kwa hiyo mahindi yangu ni chenga za unga. Nimezioka kwanza zisiingie wadudu.

Nahitaji watu wawili. Wa kwanza ni mwanamume wa miaka thelathini na nne, aliyezama ndani ya mahindi mpaka kifuani. Wa pili ni mwanamke aliyesimama nje. Nimetafuta katika katalogi zote. Wanaume wanaouzwa wameshika uma wa nyasi na wanatabasamu, na wanawake wote wanalisha kuku.

Niambie kama unaweza.

Ardith Tjaden


Tolliver, Illinois
14 Novemba 1996

Bi. Tjaden,

Yule niliyemfokea ni shemeji yangu, na alistahili.

Kuhusu watu wako: hapana. Natengeneza watu hawa tangu nilipoacha kuendesha lori la maziwa, miaka kumi na moja sasa, na sijawahi kutengeneza mtu anayekufa. Wateja wangu wanataka shamba la babu yao siku ya jua, nguo zimeanikwa, mbwa amelala kivulini. Mtu akitaka huzuni asome gazeti.

Halafu hujui unachoomba. Unadhani watu hawa nawapata wapi? Mimi nanunua abiria. Wenye treni za kuchezea za kipimo chetu huuziwa watu wa kusimama stesheni, mabwana wenye suti na mikoba, mabibi wenye kofia za kanisani. Bwana namkata mkoba, namnyoa ukingo wa kofia, namvalisha ovaroli kwa puti na ncha ya sindano, namchovya miguu kwenye maji ya moto magoti yapinde, na karani wa benki anakuwa mkamua ng'ombe. Mtu mmoja ananichukua siku mbili, kama macho yangu yamekubali. Na wewe unataka kazi yote hiyo nikaizike! Kata nusu ya juu ya mtu yeyote, igandishe juu ya unga, umemaliza. Hata mtoto wa chekechea mwenye gundi anaweza.

Nakutakia heri na shamba lako. Weka mbwa.

Orval Niehaus


Benning
20 Novemba 1996

Bwana Niehaus,

Mbwa yupo.

Sikuomba nusu mtu. Nimekwambia kuna kioo. Watoto watayaona mahindi kwa ubavuni, na ndani ya mahindi wataona miguu ya mtu imevutwa katikati, kuelekea tundu la chini ambako parafujo, lile bomba lenye skrubu ndefu inayozunguka, linayatoa kuyapeleka kwenye lori. Hilo ndilo wasilolijua. Wanadhani ukizama kwenye mahindi utaogelea. Kaka yangu Delmar alikuwa na miguu, na miguu yake naitaka.

Basi sasa unajua. Alikufa Februari 1978 katika kihenge chetu. Kila asubuhi nabeba watoto thelathini na wanane, na nusu yao wakirudi nyumbani wanapanda vihenge. Mwaka jana msichana mmoja aliniambia, anacheka, kwamba yeye na wenzake wana mchezo wa kuruka ndani na kuona nani atazama zaidi. Nilisimamisha basi kando ya barabara. Sikuweza kuendesha kwa dakika kumi.

Mtu wangu hafi. Nataka ile dakika ambayo bado kuna mtu anaweza kuzima na yeye akapona. Ukikataa nitamtafuta mwingine, na nikimkosa nitanunua abiria na wembe nijifunze mwenyewe. Lakini wewe ni bora kuliko nitakavyokuwa mimi kufika Machi, na watoto hawana muda wa kunisubiri nijifunze.

Ardith Tjaden


Tolliver
9 Desemba 1996

Bi. Tjaden,

Una kichwa kigumu. Mke wangu Luella amesoma barua yako akasema nikikataa tena nitajipikia.

Ndani ya pamba, kwenye kisanduku hiki, yuko kaka yako. Alikuwa bwana wa stesheni aliyenyoosha mkono kuita teksi, na mkono huo nimeutumia. Wa pili nimeukata begani, nikatoboa kwa kekee nyembamba, nikatia waya, nikauinua juu. Kichwa nimekitoa kwa mwimbaji wa kwaya ya Krismasi, kwa sababu mdomo wake uko wazi. Miguu imeingia kwenye maji ya moto mara nne. Nimefanya yote kwa vidole saba, maana ndivyo nilivyo navyo, kwa hiyo usilalamike kuhusu kucha. Kofia nimeipaka njano, kama zile za kampuni za mbegu. Kama sivyo, sema.

Sasa mwanamke. Nieleze mikono yake inafanya nini. Mtu wa inchi moja uso wake hausomeki kwa urahisi, mikono ndiyo inayosema. Mkono usio na kazi unabaki plastiki tupu, hata upake rangi vipi. Ameshika ndoo? Anapunga? Amejishika kiuno?

Orval Niehaus


Benning
16 Desemba 1996

Bwana Niehaus,

Nilifungua kisanduku mezani jikoni nikakaa naye mpaka kahawa ikapoa. Miguu ni yenyewe. Nakushukuru, na Luella namshukuru zaidi.

Mikono siyo. Delmar hakuinua mikono. Alikuwa na fimbo ndefu ya chuma ya kuvunjia mahindi yaliyogandana, na alikutwa ameishika. Namrudisha kwako. Tafadhali mpe fimbo yake.

Mwanamke ni mwanamke tu. Koti la kazi, kitambaa kichwani, amesimama karibu na swichi. Mikono iweke unavyoona wewe.

Jana Gerd Wessels, mwenyekiti wa maonyesho, alikuja kukagua. Alisifu trekta, akasifu mbwa, akainama kutazama kihenge, akanyooka haraka.

"Ardith, watu wanakuja kufurahi bwana. Mtoe huyo, nikupe meza ya mbele kabisa."

"Hatoki."

"Basi mfunike. Weka mahindi mengi kidogo."

"Gerd, una wajukuu wangapi?"

"Usianze."

"Wangapi?"

Tulibishana nusu saa. Nimepewa meza ya mwisho, karibu na mlango wa choo. Nimekubali.

Ardith Tjaden


Tolliver
8 Januari 1997

Bi. Ardith,

Karibu na choo ni mahali pazuri mno. Hakuna anayepita ukumbi mzima bila kufika huko, na wakitoka hawana haraka. Huyo Gerd wako amekupa zawadi bila kujua.

Kaka yako huyu hapa na fimbo yake. Ni kipande cha uzi wa gitaa, ameushika kwa mikono miwili.

Na huyu ni mwanamke wako. Najivunia, sikufichi. Alikuwa bibi wa stesheni anayepiga miayo, mkono mdomoni. Nimemfungua macho, nimemwinamisha mbele kidogo, sasa ni mtu aliyeona balaa. Kitambaa cha kichwani ni karatasi ya sigara. Mweke akikitazama kihenge, na kila atakayepita ataelewa bila kuambiwa. Luella alipomwona alishika mdomo wake mwenyewe.

Orval


Benning
13 Januari 1997

Bwana Orval,

Namrudisha. Usikasirike. Kazi ni nzuri, ila huyo siye.

Huyo wako anajua. Wangu hajui. Amesimama kando ya ukuta wa bati, sikio limeelekea ukutani, kwa sababu amesikia bati likigongwa mara mbili, na mara mbili maana yake washa. Mkono wa kulia uko kwenye swichi. Wa kushoto uko mfukoni kwa sababu ya baridi na glavu moja imetoboka. Uso umetulia. Anawaza kwamba wamechelewa, na mahindi yakianza kutoka watafika mjini kabla ya saa sita. Watoto wakimwona ameshika mdomo watasema wao wangejua mapema. Hakuna anayejua mapema.

Ardith


Tolliver
20 Januari 1997

Ardith,

Barua yako nimeisoma mara tatu.

Nani alikwambia mwanamke huyo alisikia nini? Nani alikwambia glavu ilitoboka? Mwezi wa kumi na moja alikuwa mwanamke aliyesimama nje. Desemba alikuwa mwanamke tu, mikono nimwekee mimi. Sasa unajua hata anachowaza.

Si lazima unijibu. Lakini siwezi kumchonga uso mtu nisiyemjua, kwa hiyo nitasema langu kwanza. Vidole vyangu vitatu vilibaki kwenye mashine ya kuvunia mahindi mwaka 1959. Watu wote, Luella akiwemo, wanajua kwamba mashine iliziba, nikaizima, ikaruka yenyewe ikaanza kuzunguka. Haikuruka. Sikuizima. Jioni hiyo kulikuwa na mpira wa kikapu mjini na nilikuwa na haraka, nikatia mkono ikizunguka. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Orval


Benning
27 Januari 1997

Orval,

Ni mimi.

Nimeandika hivyo nikaenda kulisha paka. Nimerudi, maneno bado yapo.

Ilikuwa Alhamisi, baridi ya kuumiza meno. Delmar na mimi tulikuwa tunapeleka mahindi mjini. Mke wake, Joleen, alikuwa kwao na mtoto mchanga. Lori likiwa limefika nusu, mahindi yakaacha kutoka. Juu yalikuwa yamegandana kwa ukungu na chini pamebaki uwazi. Nikazima parafujo. Delmar akachukua fimbo, akapanda ngazi, akaingia kwa mlango wa juu.

Hapa lazima nikueleze kuhusu kugonga. Kwa kelele za lori na feni ya kukaushia, humsikii mtu hata akipiga mayowe. Kwa hiyo baba alitufundisha tangu wadogo kwamba aliye juu akigonga bati mara moja, zima, na akigonga mara mbili, washa. Tulifanya hivyo miaka ishirini bila kukosea hata siku moja. Nyumba nyingi huku zilifanya hivyo, na nyingine zinafanya mpaka leo. Ndiyo maana sitaki kukaa kimya tena.

Nilikuwa chini kwenye swichi. Nikasikia mara mbili. Alikuwa anavunja mahindi na fimbo ikapiga ukuta, basi. Mimi nikasikia baba alichotufundisha. Nikawasha. Mahindi yakaanza kutoka vizuri kabisa, nikafurahi. Hilo ndilo lisilonitoka, Orval. Nilisimama pale nimefurahi. Nilidhani Delmar yuko mlangoni juu, anatazama. Wanasema mtu anafunikwa kwa sekunde ishirini na kitu. Mimi nilisimama dakika nne, lori likajaa, ndipo nikamwita.

Sherifu alikuwa mtu mpole. Aliniuliza, "Ulitoka ndani ya nyumba ukaikuta inazunguka, siyo?" Nikasema, "Ndiyo." Sikuwa nimepanga. Alinipa jibu nami nikalipokea. Akaandika kwamba Delmar aliwasha mwenyewe kisha akapanda ndani. Nikasema moyoni nitarekebisha kesho yake. Kisha baada ya mazishi. Kisha baba akipata nafuu. Baba alikufa mwaka 1985 akisema mwanawe alikuwa mpumbavu, nami nimekaa kando ya kitanda chake.

Sasa unamjua. Mtengeneze.

Ardith


Tolliver
4 Februari 1997

Ardith,

Sitakwambia kwamba huna kosa. Mimi si mchungaji na wewe si mtoto. Kule kugongwa mara mbili kungempata yeyote kati yetu. Ile "ndiyo" ni yako.

Mwanamke amekamilika. Nimeanza upya na abiria mwingine, bibi aliyekuwa anasikiliza tangazo la treni, kwa hiyo shingo yake ilikuwa imepinda tayari. Mkono mmoja mfukoni, mwingine kwenye swichi, uso umetulia. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na kumtazama kunaniumiza.

Simtumi.

Umemtaja Joleen mara moja tu, kwamba alikuwa kwao na mtoto mchanga. Machi ataingia ukumbini pamoja na watu wote wa kaunti, aone mkono kwenye swichi, ajue mbele za watu alichofichwa miaka kumi na tisa? Mimi nisiyemjua hata kwa sura nimejua kabla yake. Hilo si sawa, nawe hulijui tu kwa sababu hutaki kulijua. Mwambie, kisha niandikie, na mwanamke atakuwa kwenye posta siku hiyo hiyo.

Na usidhani nakusukuma mahali ambapo mimi sijafika. Nimemwambia Luella habari ya mpira wa kikapu. Alisema miaka yote hiyo alikuwa akiogopa kila mashine ninayoigusa, akidhani zinaruka zenyewe. Bado ananipikia, lakini sahani anaibwaga.

Orval


Benning
10 Februari 1997

Bwana Niehaus,

Nilikuagiza sanamu, sikukuagiza mahubiri. Huyo mwanamke ni wangu, na huna haki ya kumshikilia kama shangazi aliyeshika funguo za kabati.

Joleen na mimi tunakaa benchi moja kanisani. Siku za Krismasi anakaanga viazi jikoni kwangu. Nikimwambia, hayo yamekwisha, na sina mwingine. Uliwaza hilo ulipokuwa unaandika?

Nimenunua abiria sita. Wa kwanza nimemkata kichwa kikapotelea kwenye zulia. Wa pili nimemkata mkono pamoja na kidole changu, nikashonwa nyuzi tatu. Wamebaki wanne. Nitaendelea.

Ardith Tjaden


Benning
19 Februari 1997

Bwana Niehaus,

Mimi ni Joleen Tjaden, mjane wa Delmar. Anwani yako amenipa wifi yangu Ardith.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, kidole kimefungwa bendeji. Nilimwambia avue koti, hakuvua. Aliniambia yote akiwa amesimama karibu na jokofu, hata kwamba alifurahi mahindi yalipotoka. Nikamwambia atoke. Alitoka akakaa ndani ya gari lake uani kwangu, injini imezimwa, karibu saa nzima. Mwishowe nilienda nikamwambia aondoke kabla hajaganda kwa baridi hapo.

Watoto wangu wawili nimewakuza nikiwaambia kwamba baba yao aliwasha mashine kisha akapanda ndani. Nilisema hivyo ili wawe waangalifu. Mwanangu alikua akimwonea haya baba yake, hapendi hata kutajwa jina lake mezani. Na mimi nimemkasirikia mtu aliyekufa, Bwana Niehaus. Nimemkasirikia kwa nguvu zangu zote, kwa miaka, kwa jambo ambalo hakulifanya.

Sijamsamehe Ardith. Usiniandikie kuhusu hilo, wala mkeo asiniandikie. Aliniuliza kama ajitoe kwenye maonyesho. Nikamwambia akijitoa sasa sitamsemesha tena mpaka tufe. Delmar amebebeshwa jambo hili peke yake muda mrefu. Nataka aliyewasha awepo pale, kila mtu amwone.

Ardith anasema unaye wewe. Mtume.

Joleen Tjaden


Tolliver
24 Februari 1997

Ardith,

Huyu hapa. Nimemtia waya mguuni ili asimame bila gundi mpaka upate mahali pake hasa.

Nilikuwa mkali. Sijutii, ila nyuzi tatu zimenisikitisha. Wale wanne waliobaki nirudishie, nitawapa kazi ya heshima.

Nina swali moja tu, nawe utanijibu baada ya maonyesho. Watoto wakiuliza ni nani, utasemaje?

Orval


Benning
17 Machi 1997

Orval,

Nitaanza na mepesi. Ulisema kweli kuhusu choo. Watu walijaa mbele ya meza yangu tangu saa tatu asubuhi, na Gerd Wessels alikuja mara mbili kuwaomba wasogee ili wengine wapite. Mara ya tatu alikuja na wajukuu wake, akawasukuma mbele. Leo Jumatatu duka la vifaa hapa mjini halina kufuli hata moja. Mwenye duka ananiuliza nimewafanya nini watu. Nimewaambia kugonga kukome. Swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa anayeingia kwenye kihenge, si mwingine.

Mwanamke nilimweka pembeni ya ukuta, akaegemea kidogo, akawa ndiye. Nilimtazama muda mrefu kuliko nilivyomtazama Delmar. Ana umri wa miaka thelathini na mbili na hana habari. Nilimwonea huruma, Orval. Sikutegemea.

Sasa lile ulilouliza.

Saa nzima ya kwanza nilidanganya. Si uongo mkubwa. Nilieleza ukungu, fimbo, kugonga, kisha nikasema "mtu aliyekuwa nje akawasha," nikaendelea na kufuli. Watu walitikisa vichwa. Hakuna aliyeuliza, nami nikaanza kupumua. Nikafikiri labda inatosha hivyo, somo wamelipata.

Saa nne na nusu Joleen akaingia na mwanawe. Hajanisemesha tangu Februari, isipokuwa kunitaka nisijitoe. Hakuja mezani. Alisimama nyuma kabisa, mikono amekunja, mwanawe kando yake, ana urefu ule ule wa baba yake. Mbele yangu darasa la tatu lote lilikuwa limekaa sakafuni. Nikaanza tena. Nilipofika kwenye "mtu aliyekuwa nje," msichana mmoja asiye na meno ya mbele akanyoosha mkono.

"Huyo mama ndiye aliyewasha?"

"Ndiye."

"Anaitwa nani?"

Mwalimu wake akamwambia hilo si swali zuri. Nikamwambia mwalimu ni swali zuri. Nikatazama shamba langu, ng'ombe wote wale, trekta, nguo nilizoanika kwa uzi, na nikatamani kuwa nyumbani. Gerd alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasema, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyewasha. Kaka yangu hakukosea." Nadhani nilisema. Sauti ilitoka kidogo sana, wa mbele tu ndio waliosikia, wakageuka kunong'onezana.

Kisha nikamsikia Joleen kutoka kule nyuma, kavu, mbele ya kaunti nzima:

"Pandisha sauti, Ardith. Huku hatusikii."

Nikapandisha.

Ardith Tjaden